Liganga: jiwe linanasa sumaku, nondo ziko wapi?

Mjomba wangu wa Ludewa ana jiwe la kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Ni jeusi, dogo kuliko tofali la kuchoma, lakini ukilinyanyua mkono unashuka wenyewe. Likizo moja tulivunja spika ya redio mbovu, tukatoa sumaku, tukaisogeza karibu na lile jiwe. Ikadakwa pa! Kuibandua ilibidi tutafute bisibisi. Mjomba alikuwa barazani anamenya viazi, akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ndiyo Liganga. Tangu nikiwa kijana naambiwa mwakani."

Hiyo "mwakani" yake ni kongwe kuliko yeye. Mwanajiolojia wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, alitoa taarifa za chuma cha Liganga, mlima wa mawe ya chuma huko Ludewa, mwaka 1898. Maandishi ya wageni husema "aligundua". Wapangwa, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru yao na kufua majembe yaliyowafikia hadi majirani, nadhani wangechagua neno jingine. Mjerumani akaondoka. Mwingereza akaja, akapima, naye akaondoka. Uhuru ukapatikana, mkoa wenyewe ukagawanywa (Ludewa ilikuwa Iringa, tangu 2012 iko Njombe, ndiyo maana nyaraka za zamani huandika "Liganga, Iringa"), na mlima bado uko palepale.

Ukishuka stendi ya Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ya Mbeya, ukataja Liganga, utapewa majibu mawili kabla chai haijapoa. La kwanza, wakubwa wamekula. La pili, Mchina anatuchezea. Mimi sina ndugu katika wakubwa, wala Mchina hajanituma. Lakini majibu hayo yote mawili yanachukulia kwamba chuma kipo tayari na kilichokosekana ni mtu wa kushika koleo. Kumbe kuchimba ndiyo kazi nyepesi kuliko zote katika mradi wa chuma. Ugumu uko katika kukisafirisha na kukiyeyusha, na ukishaelewa hayo mawili, habari nyingi za Liganga zilizokuwa zinakuchanganya zinaanza kukaa sawa.

Gramu moja, tani moja

Watu wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuufikiria mgodi kwa akili ya dhahabu, kwa sababu Chunya iko jirani. Mchimbaji wa Chunya akipata gramu kumi anazifunga kwenye karatasi, anapanda bodaboda, anaenda nazo soko la madini. Mzigo wake wa mwezi unaingia kwenye mfuko wa shati.

Sasa linganisha. Kwa bei za mwaka 2025, gramu moja ya dhahabu ilivuka dola 100 za Marekani. Tani moja ya mawe ya chuma, yale mazuri yenye chuma asilimia 62, ikiwa imeshafika bandarini China na nauli ya meli imeshalipwa, imekuwa ikicheza kwenye dola 100 hivi. Yaani chembe ya yule wa Chunya inanunua tani nzima ya mwenzake mwenye chuma. Biashara ya namna hiyo haivumilii nauli.

Tupige hesabu. Mpango uliosainiwa mwaka 2011 na kampuni ya Kichina ulikuwa Liganga ichimbwe tani milioni 2.9 kwa mwaka. Chukua lori la kubeba tani 30. Hizo ni safari zaidi ya 96,000 kwa mwaka, sawa na malori 265 kwa siku, moja kila dakika tano na ushei, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Na hapo nimehesabu ya kwenda tu, bado yanayorudi matupu. Anayeifahamu barabara ya Itoni–Ludewa–Manda ataguna. Kile kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimemwagwa zege badala ya lami kwa sababu ya miteremko, mvua na ukungu wa kule. Halafu ukishafika barabara kuu, Dar es Salaam bado iko mbali. Safari nzima inapita kilomita 800. Nauli ya lori ingekula sehemu kubwa ya bei ya tani kabla jiwe halijaiona bahari.

Kwa hiyo chuma ni biashara ya reli. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita Makambako, lakini kutoka hapo hadi Liganga hakuna reli, kuna milima. Njia ambayo serikali imekuwa ikiizungumzia ni reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kama kilomita 1,000 hivi ukijumlisha matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma, penye makaa ya mawe. Upembuzi yakinifu wake ulishafanyika. Vyuma vyenyewe vya reli havijatandikwa.

Wanaodhani tumelaaniwa peke yetu waangalie Guinea. Mlima Simandou una mawe ya chuma ya daraja la juu duniani, asilimia 65 hivi, na kampuni ya Rio Tinto ilipata leseni za utafutaji pale mwaka 1997. Shehena ya kwanza imeondoka mwaka 2025. Katikati kulikuwa na mapinduzi, leseni kunyang'anywa na kesi zisizoisha, lakini chini ya hayo yote kulikuwa na swali moja kubwa: nani atajenga reli ya zaidi ya kilomita 600 na bandari ya mwisho wake? Ilibidi makampuni yaliyokuwa yanagombana yakubali kutumia njia moja ndipo mlima ukaanza kushuka.

Hapo mtu wa Songea atanikatiza: mbona makaa ya mawe ya Ngaka yanatoka? Swali zuri, na jibu lake linafungua mengi. Ngaka iko Mbinga. Mgodi wake ulianza kuchimbwa mwaka 2011 kupitia Tancoal, kampuni ambayo Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC, lina hisa ndani yake. Mwaka uleule, NDC ileile ilisaini mkataba wa Liganga na Mchuchuma. Mtoto mmoja akatembea, mwingine hadi leo anatambaa. Tofauti ni kwamba makaa yanauzwa yakiwa makaa. Unayachimba, unayapakia, kiwanda cha saruji kinayachoma hivyo hivyo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani, meli zilikuja hadi Mtwara kuyafuata, na malori yake tuliyaona yamepangana barabarani. Kwa bei ile hata nauli ya lori ilivumilika. Jiwe la mjomba halina mteja wa namna hiyo, na si kwa sababu ya umbali peke yake.

Nyumba yenye wapangaji watatu

Ndani ya jiwe la Liganga wanakaa watatu: chuma, titani na vanadi. Jiwe lenyewe huitwa magnetiti, ndiyo maana lilinasa sumaku ya spika. Lakini si magnetiti tupu. Titani, ikihesabiwa kama oksidi yake, inazidi sehemu moja katika kumi ya jiwe. Vanadi haifiki hata asilimia moja, lakini usiidharau, tutairudia.

Ungetegemea kwamba ukisaga jiwe likawa unga, kisha ukapitisha sumaku, chuma kitanaswa na titani itabaki. Haiko hivyo. Sehemu kubwa ya titani imeingia ndani ya punje zilezile za magnetiti, kama chumvi ndani ya ugali. Sumaku ikivuta mmoja inavuta wote. Utapata makinikia yenye chuma kingi zaidi, ndiyo, lakini mpangaji wa pili bado yumo ndani.

Shida inaanzia tanuruni. Tanuru refu la kawaida linalishwa mawe ya chuma, chokaa, na koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa hadi yakabaki kaboni ngumu. Kaboni inanyang'anya mawe oksijeni yake, chuma kinayeyuka na kushuka chini, na takataka zote zinaelea juu yake. Hizo takataka wahunzi wetu waliziita mavi ya chuma, na jina hilo linafaa hadi leo kiwandani. Tanuru zuri hutambulikana kwa mavi yake: yawe mepesi kama uji wa mgonjwa, yatiririke tundu likifunguliwa. Sasa titani ikikutana na kaboni na hewa ya naitrojeni katika joto lile, inazaa vitu vinavyoyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 3,000, joto ambalo tanuru la chuma haliufikii ng'o. Vinabaki punje ngumu ndani ya mavi. Uji unageuka ugali. Na ugali hautoki kwa tundu. Unaganda, na tanuru la mamilioni ya dola linageuka chungu kilichoungua.

Ufundi wa kulizunguka tatizo hilo upo, ila wanaoumudu wanahesabika. Kuna Panzhihua, mkoa wa Sichuan nchini China. Kuna Warusi wa Ural. New Zealand wanayeyusha mchanga mweusi wa pwani wenye titani pale Glenbrook. Afrika Kusini walikuwa na Highveld, iliyofanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa kabla ya kuanguka kifedha mwaka 2015. Utaona basi kwamba haikuwa ajabu mshirika wa ule mpango wa Liganga wa 2011 kutoka Sichuan.

Kuna na suala la makaa. Makaa ya Mchuchuma, tani milioni 428 kwa hesabu zinazotajwa, ni ya kuchemshia mitambo ya umeme. Koki nzuri hayatoi. Kwa hiyo njia inayoelekea kufaa ni nyingine: makinikia na makaa ya kawaida vinaingizwa pamoja kwenye tanuru refu lililolala na linalozunguka taratibu, oksijeni inaondoka bila jiwe kuyeyuka, na kinachotoka ni chuma chenye matundu kama sifongo. Hicho ndicho kinaitwa chuma sponji, na hicho ndicho kinapelekwa kuyeyushwa kwa umeme. Umeme mwingi, wa saa ishirini na nne, usiokatika katikati ya mchemko.

Sasa unaona kwa nini Liganga na Mchuchuma hutajwa kwa pumzi moja, kama Kurwa na Doto. Mmoja ana jiwe, mwingine ana moto. Mashapo ya Liganga yaliyothibitishwa kwa utafiti wa kina yanatajwa kuwa tani milioni 126. Yagawe kwa tani milioni 2.9 za mwaka, unapata miaka 43. Mtoto atakayezaliwa Mundindi siku mgodi unafunguliwa angekuwa na wajukuu, au karibu, siku unafungwa.

Na vanadi? Kijiko kidogo chake kinafanya nondo iwe ngumu zaidi, na siku hizi inatengenezewa betri kubwa za kuhifadhia umeme wa jua na upepo. Titani nayo ndiyo weupe wa rangi za ukutani. Kilo kwa kilo, wapangaji hawa wana thamani kuliko mwenye nyumba. Hapo hapo ndipo palipo na ugomvi wa mikataba, maana mtu akija akisema "nataka kuchimba chuma", swali la kwanza la kumuuliza ni wale wengine wawili anawahesabuje.

Sahihi ya 2011 na kilichofuata

Septemba 2011, NDC na Sichuan Hongda waliunda kampuni ya ubia, Tanzania China International Mineral Resources Limited. Hongda asilimia 80, NDC asilimia 20. Thamani iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 3. Mpango ulikuwa kitu kimoja chenye viungo vingi: mgodi wa makaa wa tani milioni 3 kwa mwaka, mtambo wa umeme wa megawati 600, mgodi wa chuma, na kiwanda cha kutoa tani milioni moja za chuma kwa mwaka pamoja na titani na vanadi. Megawati 250 zingelisha kiwanda, 350 zingeingia gridi ya taifa.

Hizo 350 zilikuwa na sababu. Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mgao. Waliokuwa na saluni au mashine ya kusaga mwaka ule hawajasahau. Mradi ulioahidi chuma na umeme kwa mpigo ulionekana dawa ya magonjwa mawili, na marehemu Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa wakati huo, aliupigania kama mtoto wake.

Kisha ukaingia katika hali ambayo mimi naiona kama watu wanne wamesimama mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe". Reli inasubiri uhakika wa mzigo. Mgodi unasubiri reli. Mtambo wa umeme unasubiri bei ya kumuuzia TANESCO, mnunuzi pekee wa kiasi kile. Na benki, ambayo ndiyo yenye fedha, inasubiri wote watatu waingie kwanza. Mwekezaji akaomba vivutio vya kodi ili hesabu zake zikae. Serikali ikasita, na si kwa ubahili tu: kumsamehe mtu kodi kwa miaka mingi juu ya jiwe ambalo thamani ya wapangaji wake wawili bado inabishaniwa ni sawa na kuuza shamba bila kuhesabu miti.

Halafu ukaja mwaka 2017. Wengi tunaukumbuka kwa sakata la makinikia ya dhahabu, lakini sheria zilizopitishwa mwaka ule ziligusa madini yote. Moja iliipa nchi umiliki wa kudumu wa maliasili zake na kutaka migogoro isikilizwe nchini. Nyingine ililipa Bunge uwezo wa kuagiza masharti mabaya ya mikataba yajadiliwe upya. Na marekebisho ya Sheria ya Madini yakaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia. Mkataba wa 2011 ulikuwa umeandikwa kabla ya hayo yote. Ukabidi ujadiliwe tena, na majadiliano yakachukua miaka. Kwamba hizo asilimia 16 hazizuii mkataba kusainiwa tumeliona hapahapa kusini: mradi wa madini adimu wa Ngualla, mkoani Songwe, ulisainiwa mwaka 2023 serikali ikiwa na sehemu yake hiyohiyo. Lakini Ngualla ulianza mazungumzo ukijua sheria mpya. Liganga ilikuwa kama mtu aliyeposa kwa mahari ya zamani, akakuta wazee wamebadilisha orodha.

Mambo mengine mawili yalibadilika kimyakimya, na kwa maoni yangu yana uzito kuliko kelele zote za bungeni. Septemba 2021 Rais Xi Jinping wa China aliutangazia Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga tena mitambo mipya ya umeme wa makaa ya mawe nje ya China. Soma tena mpango wa 2011 ukiwa na sentensi hiyo kichwani. Jambo la pili ni Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Zile megawati 350 zilizokuwa uokozi mwaka 2011 leo hazina mtu anayezililia. Kwa hiyo mtu akikuambia mradi wa Liganga utafufuliwa "kama ulivyokuwa", muulize kwa upole: umeme wa makaa ule ulikuwa kiungo, utakatwa au utabaki? Ukikatwa, tanuru litalishwa na gridi, na njia ya umeme wa msongo mkubwa hadi Ludewa itajengwa na nani? Jibu lolote kati ya hayo linazaa mradi mwingine kabisa, wenye hesabu nyingine.

Miaka ya kusubiri shambani

Haya ya mabenki na megawati yalikuwa na upande wake wa chini, ambao hauingii kwenye michoro. Tathmini ya mali za wananchi wa maeneo ya mradi, Mundindi na Amani upande wa Liganga, Nkomang'ombe upande wa Mchuchuma, ilifanyika mwaka 2015. Mtu akishathaminiwa, shamba lake linakuwa na hali ya ajabu: ni lake, lakini aendeleze nini? Akijenga chumba cha tatu, hakimo kwenye daftari. Akipanda miti, hajui kama ataivuna, na Njombe mti ni akiba ya benki. Unapanda msindano mtoto akizaliwa, unavuna akienda chuo.

Fidia ililipwa mwaka 2023: shilingi bilioni 15.4 kwa wananchi 1,142. Ukigawa kijuujuu ni wastani wa shilingi milioni 13.5 kwa kila mmoja, ingawa wastani hapa unadanganya, maana mwenye ekari kumi na mwenye robo wamo humo humo. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema tathmini ya fidia ikikaa zaidi ya miaka miwili bila kulipwa imekufa, na ikichelewa kupita miezi sita inadai riba. Naitaja kwa sababu watakaofikiwa na reli au njia ya umeme kesho wanapaswa kuijua kabla mthamini hajafungua daftari lake, wala wasisubiri kuisikia kutoka kwa yule anayelipa.

Bado malipo yale ya 2023 yalikuwa hatua ya kweli kuliko sherehe nyingi za kusaini. Fedha zilitoka. Ardhi ikawa huru.

Hatua, hatua gani?

Neno "hatua" ndilo linalotuchosha. Redio inasema mradi "umepiga hatua", mtu wa Mlangali anaanza kutafuta kiwanja cha kujenga gesti. Ningependa kila tangazo liwekwe kwenye ngazi tujue ni kidato cha ngapi.

Leseni ya utafutaji ni ruhusa ya kuangalia tu, kwa kuanzia miaka minne. Uchorongaji unafuata, na ndio unaotoa zile "tani milioni" za kwenye vichwa vya habari. Hapo kuna mtego: tani zilizopo ardhini na tani zinazochimbika kwa faida ni vitu viwili, na cha pili huwa kidogo siku zote. Hati ya makubaliano ni barua ya uchumba. Mahari bado haijatajwa. Upembuzi yakinifu ndiyo hesabu yenyewe, kurasa mamia zinazojibu jiwe litayeyushwa vipi, litabebwa na nini, litauzwa kwa nani. Kwa jiwe la titani, sura ya kuyeyusha ina uzito kuliko zote, na inahitaji mawe ya kweli, mengi, yapelekwe kwenye tanuru la majaribio. Kuna cheti cha mazingira. Kuna leseni ya uchimbaji mkubwa kwa mitaji inayoanzia dola milioni 100. Halafu unakuja ukimya, wakati wenye fedha wanasoma. Ukimya huo ndipo miradi mingi hufia, na hakuna mwandishi wa habari anayealikwa kwenye mazishi.

Kwa kipimo hicho, tazama jirani mdogo wa Liganga, mradi wa Maganga Matitu, humo humo Ludewa. Nao ulikuwa umelala miaka mingi. Mwaka 2025 NDC ilisaini mkataba na kampuni ya Fujian Hexingwang ya China, uwekezaji uliotangazwa ukiwa kama dola milioni 77. Weka tarakimu hiyo kando ya bilioni 3 za Liganga. Ni mdogo mno kwake, na kwa jinsi ninavyoona huo ni ubora, maana mradi mdogo hausubiri reli ya kilomita 1,000 ili uanze. Viwanda vyetu vya nondo vinaishi kwa chuma chakavu na vyuma ghafi vinavyoletwa kwa meli. Tuliona wote jinsi skrepa ilivyopanda thamani hadi mifuniko ya mitaro ikawa haikai. Chuma sponji cha Ludewa kinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mzigo huo kwa kupanda lori hadi Makambako na kuingia TAZARA, kwa sababu tani moja ya chuma sponji ni ghali kuliko tani ya mawe na nauli inaihimili. Lakini jiwe la jirani ni ndugu wa jiwe la Liganga. Mavi yake yanaweza kuganda vilevile. Maswali ya kuwauliza wahusika siku wakija mkutano wa kijiji ni ya kijinga kabisa: mmeshaliyeyusha jiwe hili, wapi, tani ngapi, na titani ilikwenda wapi?

Hilo la mwisho silitaji kwa utani. Kule Highveld, walipokuwa wakitoa chuma na vanadi, titani iliachwa kwenye mavi, na mavi yakamwagwa nje ya kiwanda mwaka baada ya mwaka hadi yakawa vilima, mamilioni ya tani. Kiwanda kilipoanguka vilima vikabaki. Leo kuna kampuni Afrika Kusini, Nyanza Light Metals, ambayo mpango wake mzima wa biashara ni kuyachukua yale mavi na kuyageuza kuwa unga mweupe wa rangi pale Richards Bay. Kwenye mkataba wowote wa chuma cha Ludewa, ukurasa ninaotaka kuuona kwanza ni ule unaosema vilima vya mavi vitakuwa mali ya nani.